Kinu cha Wasiojuana

Nchi ninayotaka kuisimulia ni ndogo, ina mpaka pande zote, na haina ubaya na mtu. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, naomba radhi mapema. Nchi zikikaa jirani huambukizana.

Mji mkuu wake una kiwanja kiitwacho Kiwanja cha Shukrani. Zamani palikuwa soko la viazi. Serikali ililiondoa soko ili wananchi wapate mahali pa kushukuru, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu pale ila jua. Ndipo msanii mmoja, Kalembo, akaomba ruhusa ya kujenga kinu.

Hakikuwa kinu cha kutwangia mpunga. Kilikuwa cha shaba, kimo chake kinamfika mtu mzima kiunoni, na upana wake unatosha watu saba kukizunguka bila kugongana viwiko. Ndani, badala ya nafaka, Kalembo alipanga mabamba ya chuma, na kila mchi ulikuwa na bamba lake na sauti yake. Mchi mmoja peke yake ulilia kama sufuria iliyoanguka jikoni. Miwili ilianza kueleweka. Yote saba ikipokezana, kama wanawake wanavyopokezana mapigo wakitwanga pamoja, ulitoka muziki ambao uliwafanya hata askari wa doria wapunguze mwendo.

Kalembo alilelewa katika nyumba yenye shangazi wengi. Huko aliona kwamba mtwangaji aliyechoka hauweki mchi chini, maana atawavuruga wenzake. Hungoja mwingine aje aushike juu ya mkono wake, mapigo yakiendelea, ndipo yeye anaachia. Kalembo aliliona hilo kuwa jambo la adabu, akaliandika kwenye kibao mbele ya kinu:

"Shika mchi. Twanga na usiyemjua. Usiuweke chini, mkabidhi mgeni mwingine."

Alitaka watu wa mjini, wanaopitana kila siku bila salamu, wapate sababu ya kusimama. Hivyo ndivyo alivyomweleza Waziri wa Sauti na Ukimya, Mheshimiwa Radhia Kongolo.

"Na muziki ukiisha?" Waziri aliuliza.

"Wataulizana majina, Mheshimiwa."

Waziri alifikiri kidogo, akasema kwamba hatari hiyo inaweza kudhibitiwa.

*

Uzinduzi alikuja kuufanya Baba Mlezi mwenyewe, kiongozi wa nchi. Sina budi kueleza mambo mawili juu yake, vinginevyo yanayofuata yataonekana ya ajabu.

La kwanza, alikuwa halali. Tangu uchaguzi uliopita, ambao alishinda kwa kura nyingi kuliko wapiga kura, usingizi ulimkimbia. Kiongozi asiyelala hukaa akifikiri, na huyu alipofikiri alibadilisha mawaziri. La pili, katika nchi ile, neno lolote ambalo Baba Mlezi amelisoma hadharani kwa sauti huwa sheria papo hapo. Ndiyo maana wasaidizi wake walimfichia hata maboksi ya dawa ya meno.

Hotuba ya siku hiyo ilikuwa kwenye mkoba wa msaidizi aliyefukuzwa kazi asubuhi ile. Baba Mlezi alisimama kwenye kipaza sauti, akajipapasa mifuko, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama mbele. Mbele palikuwa na kibao cha Kalembo. Akakisoma chote, polepole, kwa ile sauti yake ya kufungulia madaraja.

Watu wakashangilia. Mwanasheria Mkuu akajifuta jasho.

Sasa walihitajika watu saba wasiojuana. Kazi hiyo alipewa Ndugu Mwinchande, Afisa Utambuzi wa Wageni, mtu mtulivu mwenye viatu vinavyong'aa. Alipita katikati ya umati akiwachagua mmoja mmoja. Alimchukua kinyozi mmoja, Mashaka, aliyetoka mbio kuangalia sherehe, kitana bado nyweleni, na kumwacha mteja kwenye kiti amenyolewa shavu moja. Akachukua wengine watano kutoka pembe tofauti. Wa mwisho alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akikatiza kando ya kiwanja na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Jina lake lilikuwa Semeni.

"Bibie, unamjua mtu yeyote hapa?"

"Simjui mtu, kaka. Mimi napita tu. Mtoto wangu bado ananyonya, nimemwacha kwa jirani, nimemwambia narudi sasa hivi."

"Sasa hivi inatutosha kabisa," alisema Ndugu Mwinchande.

Semeni aliifunga chupa kwenye pindo la kanga, akashika mchi.

Lazima niseme ukweli, walitwanga vizuri. Mwanzoni Mashaka alikimbilia mapigo ya wenzake, na Semeni akamwambia, "Taratibu wewe, hapa hakuna kichwa cha kuwahi!" Umati ukaangua kicheko, na Mashaka naye akacheka, na katika kucheka huko mapigo yakakaa sawa. Wale saba wakatazamana. Nilikuwa karibu, niliwaona. Walikuwa na nyuso za watu waliookota kitu barabarani na kugundua kuwa ni chao.

Kitini pake, kichwa cha Baba Mlezi kikainama. Kidevu kikagusa medali. Akakoroma.

Mawaziri walitazamana kwa matumaini ambayo hawakuwa nayo tangu walipoapishwa. Walimbeba Baba Mlezi pamoja na kiti chake hadi garini, kwa tahadhari ya watu waliobeba mayai, na Mheshimiwa Radhia akaamuru sauti ya kinu iunganishwe moja kwa moja na chumba cha kulala cha Ikulu. Kwa kuwa njia ya kwenda huko ilikuwa redio ya taifa, iliunganishwa na nyumba zetu zote.

"Endeleeni," aliwaambia wale saba kwa upole.

"Mpaka saa ngapi, Mheshimiwa?" Semeni aliuliza. "Mtoto ananingoja."

"Mpaka apatikane mgeni wa kuupokea mchi. Sheria mmeisikia wenyewe."

*

Jioni ile alifika jirani yake Semeni, Mama Chiku, akiwa amempakata mtoto. Mtoto aliitwa Tunu, na alikuwa hajaota jino. Kinu tayari kilikuwa kimezungushiwa kamba nyekundu.

"Shoga, sasa hivi gani hii?" Mama Chiku alipaza sauti. "Mtoto kalia mpaka sauti imemkauka! Njoo umnyonyeshe!"

"Siwezi kuachia. Mlete huku ndani."

Ndugu Mwinchande akaja akasimama katikati. "Samahani, mama. Ndani ya kamba wanaingia wasiojuana tu. Je, mtoto huyu anamjua huyu bibi?"

"We kaka umelala salama? Kamzaa!"

"Kuzaa ni habari ya zamani. Mimi nauliza habari ya kujua."

Akainama, akamuuliza mtoto mwenyewe, kwa heshima zote, kama anamfahamu mwanamke aliyeshika mchi wa saba. Tunu alimwona mama yake nyuma ya bega la afisa. Alicheka ufizi wote nje, akanyoosha mikono miwili.

"Anamjua," Ndugu Mwinchande alisema, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Anamjua sana."

Serikali ile haikuwa katili. Suala lilipofikishwa kwa Waziri, aliamua kwamba mtoto anamjua mama lakini maziwa hayamjui mtu, kwa hiyo maziwa yanaweza kuvuka kamba. Semeni akawa anakamua kwenye kikombe cha bati kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya mchi, wenzake wakitazama pembeni. Askari alikipeleka kikombe kwa Mama Chiku akitembea kwa mwendo wa gwaride. Gazeti la asubuhi liliandika kwa herufi kubwa: SERIKALI YANYONYESHA.

Na kuhusu kulala, walipangiwa zamu. Aliyelala alilala kwenye kigoda, mkono ukiwa umefungwa kwenye mchi kwa kitambaa laini, na mlinzi akamtikisia mchi.

*

Msomaji atauliza kwa nini hawakutafutwa watu wengine. Walitafutwa sana, na mtafutaji alikuwa Ndugu Mwinchande, ambaye hakupenda kazi ibaki nusu.

Shida ilikuwa redio. Mtangazaji hawezi kukaa kimya kutwa nzima akisikiliza kinu, kwa hiyo alianza kutueleza habari za wale saba. Tulijua wanakotoka, wanachokula, wanavyokoroma. Shuleni watoto waliimba majina yao kabla ya hesabu. Tulijua kwamba Semeni anapenda dagaa wa kukaanga na kwamba Mashaka ana kidonda kisigino. Katika nchi nzima hawakuwepo watu waliojulikana kuliko hao saba waliochaguliwa kwa kutojulikana.

Watu wengi walikuja kwa huruma kupokea mchi, na wengi walikuwa tayari kudanganya. Ndugu Mwinchande hakuwabishia. Alisema tu, "Vizuri. Hebu wasalimie."

Hapo ndipo walipokwama. Mtu aliyelelewa vizuri katika nchi ile hawezi kusalimia nusu. Mzee mmoja, fundi cherehani, aliapa kwamba hajawahi kuwaona wala kuwasikia, akapelekwa mbele ya kinu.

"Hamjambo, wenzangu," alisema.

"Hatujambo, mzee," wakajibu.

Mzee akakaza midomo. Tulimwona anavyopigana na malezi yake. Mwishowe akashindwa. "Mashaka, na kisigino?"

"Ah, mzee!" Mashaka aliguna. "Kwani usingekiulizia kisigino changu kingekufa?"

"Nisamehe, mwanangu. Nimesikia jana kinatoa maji."

Serikali ikatuma gari milimani, kwa mchungaji mmoja aliyeishi peke yake na mbuzi, ambaye redio hakuijua. Alipatikana, akakubali, akapakiwa. Dereva, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu, alifungua redio. Mchungaji alishuka kiwanjani akimwita Semeni dada, na kumuuliza kama Tunu amepona kikohozi.

Kalembo naye alikuja. Alikuwa amekonda. Alidai kwamba yeye alichonga shaba tu, hamjui hata mmoja wa wale saba, na alipoambiwa asalimie alisema "Hamjambo" na kunyamaza, macho chini. Alikuwa amejizoeza nyumbani. Ndugu Mwinchande akangoja, sisi nasi tukangoja. Tayari mkono wa Kalembo ulikuwa umegusa mchi wa Semeni, juu ya mkono wake, kama shangazi zake walivyofanya. Na ule mkono wa Semeni ulikuwa umechubuka, umevimba, umekuwa kama si wa mwanamke kijana.

"Semeni, dada yangu," Kalembo alisema, "nimekufanya nini mimi?"

Alitolewa nje ya kamba. Baadaye alitunukiwa Nishani ya Sanaa na kupewa nyumba upande wa pili wa mji, isiyo na dirisha la kuelekea kiwanjani.

*

Kuna siku Mashaka alipata wazo. Aliwanong'oneza wenzake kwa kufuata mapigo, neno moja kwa kila pigo. Kila asubuhi Ndugu Mwinchande aliwauliza kama wanajuana, na wao, kwa kuogopa, walijibu kwamba hawajuani. Je, wakisema wanajuana? Sheria inataka wasiojuana. Si wataondolewa wote?

Asubuhi iliyofuata wakajibu kwa sauti moja, "Tunajuana!"

"Tena huyu kinyozi namjua mpaka ndoto zake," Semeni aliongeza. "Anaota anapunguza ndevu za mbuzi."

Ndugu Mwinchande alisikitika. Aliwaeleza kwamba kutwanga na unayemjua ni kuvunja sheria, na adhabu yake ni kifungo. Mioyo yao ilirukaruka, maana gerezani mtu huenda kwa miguu yake, na njiani kuna nyumba, na kwenye moja ya nyumba hizo alikuwepo Tunu. Lakini gereza, alisema, limejaa wanachama wa vyama vingine. Kwa hiyo kifungo kitatumikiwa palepale walipo.

"Kwa hiyo jana tulikuwa huru?" Mashaka aliuliza.

"Kabisa."

"Na leo tumefungwa?"

"Ndiyo."

Mashaka alitazama mchi wake, akatazama kigoda chake, akatazama kamba. "Aisee," alisema, "ningejua jana ningefurahi."

Ikulu, wakati wote huo, kulikuwa na amani. Baba Mlezi alilala usiku na mchana, madaktari wakimlisha uji kwa mrija. Hakuna waziri aliyebadilishwa. Walinenepa, wakaoana wao kwa wao, wakaanza kuwaandaa watoto wao kushika wizara. Mheshimiwa Radhia alituambia redioni kwamba nchi haijawahi kuongozwa kwa utulivu kiasi kile, na sisi, ambao tungeweza kucheka, tulikuwa tunasikiliza mapigo.

Yule mteja wa Mashaka mwenye shavu moja alikuwa akija kila asubuhi kwenye kamba. "Mashaka, na mimi je?" Mashaka alimjibu, "Vumilia, kaka, nakuja kukumalizia." Asubuhi moja alikuja amenyolewa mashavu yote mawili, safi, na mtu mwingine. Siku hiyo nzima mchi wa Mashaka ulichelewa kidogo.

Semeni aliliona lile. Kikombe chake cha bati kilikuwa kinarudi kwa askari kikiwa na maziwa ya kufunika kitako tu. Kisha matone. Kisha askari akawa anakuja kwa mazoea, anapewa kikombe kitupu, anakipeleka kwa mwendo wa gwaride.

"Usihangaike, shoga," Mama Chiku alimpigia kelele kutoka kwenye kamba. "Anakula uji. Anakula na ndizi!"

"Anacheka?"

"Anacheka."

"Akicheka anafumba macho?"

"Anafumba, shoga. Kama wewe."

Lakini kila alipoletwa, alinyoosha mikono kwa kuchelewa zaidi. Mara akanyoosha mmoja. Mara akatazama tu, kama anavyotazamwa mtu wa kwenye picha. Kwa muda mrefu Ndugu Mwinchande aliendelea kutikisa kichwa: anamjua, anamjua bado. Semeni, ambaye hapo mwanzo maneno hayo yalimliza, sasa aliyangoja kama chakula.

*

Asubuhi moja Mama Chiku alikuja akiwa amemshika Tunu kidole. Tunu alikuwa anatembea.

"Semeni, mwone anavyotembea!"

Semeni alimwona. Alisahau pigo lake, na Ikulu, inasemekana, Baba Mlezi akafungua jicho moja. Mlinzi akaharakisha kumtikisia mchi.

"Tunu," aliita. "Tunu wangu. Njoo kwa mama."

Tunu alimtazama mwanamke mwenye nywele zilizosokotana na mikono iliyovimba. Akajificha nyuma ya kanga ya Mama Chiku. "Mama," alimwambia Mama Chiku, akilia. "Mama, twende."

"Mama yako ni yule pale, mwanangu," Mama Chiku alisema, naye akaanza kulia. "Shoga, nisamehe. Redio nimeizima nyumbani. Alikuwa akisikia mapigo anakutafuta mpaka uvunguni, nikaona anateseka bure."

Ndugu Mwinchande alichuchumaa mbele ya mtoto. Alimuuliza mara moja, akamuuliza tena, akamwonyesha Semeni kwa kidole, kisha Mashaka, kisha wengine wote. Akamwambia, "Wasalimie." Tunu hakuwa na mtu wa kumsalimia.

Afisa alisimama. Sijawahi kumwona mtu wa serikali akiwa na furaha safi kama ile.

"Hamjui!" alisema. "Hamjui hata mmoja!"

Na kwa mkono wake mwenyewe akaifungua kamba.

Walimwingiza. Semeni alimkumbatia kwa mkono mmoja, na mtoto alipiga kelele na kumsukuma kifuani, na Semeni hakumwachia. Alimnusa shingoni. Alikuwa bado hajajua kwa nini watu wanaleta kigoda kirefu na kukiweka kando yake, wala kwa nini mlinzi anachana kile kitambaa laini kuwa vipande vyembamba.

Mheshimiwa Radhia alifika na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna waliotubeza kwamba sheria yetu haina mlango. Leo tumempata. Mgeni halisi, mwananchi halali, asiye na deni la kumfahamu mtu yeyote katika kinu hiki. Bi. Semeni, taifa linakushukuru. Uko huru. Mkabidhi mchi."

"Nimkabidhi nani?"

"Huyo uliyemshika."

Wale wengine sita walipunguza mapigo mpaka ilibaki kidogo yakome. Mashaka alisema kwa sauti ndogo, "Semeni. Semeni, usi—"

Semeni alikitazama kigoda. Akautazama mkono wa mtoto wake, unono wake, na vile vishimo kwenye viungo vya vidole. Mlinzi alikuwa tayari ameushika mkono huo kuupima kwenye mchi.

"Sijachoka," Semeni alisema.

"Samahani?" alisema Waziri.

"Nasema sijachoka, Mheshimiwa. Sheria inasema anayetaka kuacha amkabidhi mwingine. Mimi sitaki kuacha. Napenda. Mtoeni mtoto."

Mwanasheria Mkuu aliulizwa, akakiri kwamba ndivyo sheria ilivyo. Tunu alirudishwa nje ya kamba, akakimbilia kanga ya Mama Chiku na kunyamaza hapo hapo.

"Shoga," Semeni aliita, akitwanga sasa kwa nguvu, pigo kwa pigo, bila kukosea hata moja. "Mchukue mwanao. Ukifika nyumbani washa redio, na usiizime. Mtajie majina yetu asubuhi, umtajie jioni. Mwambie na kisigino cha Mashaka. Mfundishe atujue, unanisikia? Anijue sana, wasije wakamfungulia kamba tena!"

"Nimekusikia, shoga."

Jioni ile taarifa ya habari ilianza na sauti ya Semeni: sijachoka, napenda. Mtangazaji alieleza kwamba mwananchi mmoja amepewa uhuru mbele ya mashahidi akaukataa kwa hiari yake, na kwa hiyo imethibitika kwamba katika nchi ile hakuna mtu aliyezuiliwa. Tulikuwa mezani. Tulishika matonge mkononi tukingoja pigo la mchi wa saba, na lilipokuja, tukaendelea kula.